Utando wa Maziwa ya Baba

Mimi ni mtu wa maziwa, na sisemi hivyo kwa kujificha. Shuka Tororo mjini, chini ya mwamba, uliza mwenye matangi ya kupozea maziwa ni nani, na hata mtoto mdogo atakuonyesha lango langu. Darasani niliishia la nne. Waliomaliza madarasa yote wanakuja kuniomba kazi, nami nawapa, wanavaa makoti meupe wananipimia maziwa yangu. Naeleza haya ili ujue kwamba anayezungumza nawe hapa hakusoma habari za maziwa mahali popote. Nifumbe macho, uniwekee kikombe chini ya pua, nitakuambia ng'ombe alikula majani mabichi au mabua makavu, na kama kuna mjanja wa njiani aliyeongeza maji ya mto.

Kwa hiyo siku ile mke wangu aliponiletea kikombe mezani, sikuhitaji kuonja. Nilisogeza pua, nikakosa kitu. Maziwa yalikuwa ya moto, yanafuka vizuri, lakini ile harufu nzito inayokaa kooni kabla hujameza haikuwepo. Na pale ukingoni yalikuwa na samawati kwa mbali, kama jicho la mtu mzee.

"Mama Sharoni, maziwa haya yamefanywa nini?"

"Yameenguliwa."

"Nani ameyaengua?"

"Mimi. Kwani daktari alisema nini juzi? Au wewe ulimsikiliza na masikio ya kukodi?"

Daktari mwenyewe ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alinifunga ule mpira mkononi, akaupuliza, akatazama, akaupuliza tena. Akaniuliza nakunywa nini asubuhi. Nikamwambia kwa fahari: jagi la maziwa, ya kwangu mwenyewe, na malai yake yote juu. Jioni? Nyama ya nguruwe ya kukaanga, na chumvi pembeni. Natembea? Nikacheka. Daktari, mtu mwenye pikipiki uani atembee aende wapi? Yeye hakucheka. Akasema presha yangu imepanda na kitambi changu kimejaa, nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, na maziwa ninywe yaliyotolewa mafuta.

Sasa mimi, mwenye matangi, ninywe maji ya kusuuzia kibuyu? Mdomo ulikuwa umeshafunguka nipige kelele nyumba nzima isikie. Lakini ile harufu isiyokuwepo ilinishika mkono. Nilikuwa nimekutana nayo zamani. Nikajikuta nimesimama nyuma ya jiko la mama yangu kule Kiyeyi, sina viatu, umande umenilowesha hadi magotini, natazama mgongo wake.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka maziwa yalivyokuwa kabla ya pakiti. Kila nyumba ilikuwa na harufu yake. Mama alichukua kijinga chenye moto, akakizungusha ndani ya kibuyu mpaka moshi ukajaa, akapangusa kwa ufagio mdogo wa nyasi, ndipo akatia maziwa. Ungeweza kunywa maziwa kwa jirani ukiwa umefumba macho ukajua hapa si kwetu. Na kila nyumba ilikuwa na sheria yake, lakini sheria moja ilikuwa ya wote: maziwa ya mwenye boma hayaguswi juu.

Ya baba yangu yaliwekwa jioni katika chungu kidogo cha mdomo mpana, yakafunikwa kwa jani la mgomba. Usiku mafuta yalipanda. Asubuhi ukifunua jani unakuta utando wa manjano umetanda ukingo hadi ukingo, umekunjamana kidogo kama ngozi ya kiwiko. Utando ule ulikuwa muhuri. Ukiwa mzima, maana yake hakuna kinywa kilichotangulia cha mwenye nyumba. Sisi watoto tulikunywa yaliyobaki baada ya mama kuengua ya vyungu vingine, mafuta akayasuka siagi na kupika samli. Hayo yaliitwa maziwa ya watoto. Tulishiba, hatukulalamika. Lakini mwanaume mzima kuletewa maziwa ya watoto lilikuwa tusi kubwa kuliko kunyimwa kabisa. Ni kama kumwambia, wewe umekwisha, hesabu yako imehamia kwa watoto.

Na baba alikuwa mwanaume hasa. Alikuwa dalali wa ng'ombe, anazunguka minada yote ya huku hadi Sop Sop. Alipoketi, kitambi kilikaa kwanza mapajani ndipo yeye akakaa. Kitambi kile kilikuwa mtaji. Mtu anapomkabidhi dalali fahali wake anataka kuona kwamba aliye mbele yake hana njaa. Nilikipenda kitambi cha baba kama watoto wengine wanavyopenda baiskeli ya baba yao. Nilikigonga kwa ngumi kikatoa sauti, naye akajifanya amekufa.

Kila asubuhi alifunua jani, akaingiza kidole cha shahada kwenye utando, akakikunja, akainua. Mafuta yaling'ang'ania kidole kama tope zuri. Akalamba nusu. Kisha akaita, "Ochwo, njoo umalizie." Mimi ndiye kitinda mimba, hiyo ilikuwa haki yangu. Nililamba kidole cha baba mpaka kwenye kucha. Kilikuwa na ladha ya moshi, mafuta, na mbali kabisa ladha ya kamba za ng'ombe. Nimekula hoteli kubwa tangu hapo. Sijakutana nayo.

Siku moja alianguka mnadani. Walisema ni jua. Alipelekwa hospitali mjini, akarudi mwenye kunyamaza. Usiku nilisikia yeye na mama wakinong'ona, na mama akauliza, "Hata mama yako nisimwambie?" Baba akasema, "Hasa yeye."

Kuanzia hapo mama alianza kuamka kabla ya jogoo. Ndipo nilipomwona. Nilikuwa nimetoka kujisaidia, nikapita nyuma ya jiko, nikachungulia. Alikuwa amechuchumaa, amegeuzia mlango mgongo, chungu cha baba katikati ya magoti yake. Alishika kata. Aliipitisha juu ya maziwa taratibu sana, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na utando wote ukaja umejikunja. Akaumimina katika kopo lenye kifuniko. Kisha akarudisha jani la mgomba juu ya chungu.

Asubuhi ile baba alifunua jani, akatazama maziwa meupe yasiyo na kitu juu. Nikasubiri angurume. Hakunguruma. Alibeba chungu akanywa kama mtu anywaye dawa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya goti lake, mdomo tayari. Alinipita na macho.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku zilizofuata. Wakati huohuo kopo la mama lilijaa. Alipika samli, akaifunga kwenye leso, na siku za soko akapanda gari la mizigo hadi Busia, akavuka kwenda upande wa Kenya kwao. Mama yangu alikuwa Msamia wa huko. Alilala usiku mmoja akarudi na leso tupu.

Basi mimi nikapiga hesabu zangu za mtoto. Wajomba zangu wa Busia walikuwa wanene, wote, shingo zao zina mikunjo. Na baba yangu alikuwa anapungua. Kila wiki kitambi kilishuka, mpaka suruali akaifunga kwa kamba ya ndama. Hesabu haikuwa ngumu: mama alikuwa anamhamisha baba, kopo kwa kopo, kumvusha mpaka, kumpeleka kwa ndugu zake. Niliona kabisa kichwani mwangu mjomba mkubwa ameketi mlangoni Busia, amevaa kitambi cha baba yangu.

Sikumwambia mtu. Nani angeniambia ni uongo, wakati wakubwa wenyewe walikuwa na hesabu mbaya kuliko yangu?

Miaka ile kukonda hakukuwa kukonda tu. Upande huu wa Uganda UKIMWI tuliuita silimu, na silimu ilitambuliwa kwa suruali. Suruali ya mtu ikianza kumpwaya, watu waliacha kumaliza sentensi alipopita. Baba alizunguka minada, analala huku na huku, basi watu walikuwa wameshaandaa jibu. Jioni wanaume wa kijiji waliketi kuzunguka chungu cha malwa, pombe ya wimbi ile ya moto, kila mmoja na mrija wake mrefu, midomo mingi chungu kimoja. Nilikuwa natumwa kuongeza maji ya moto chunguni. Niliona kwa macho yangu: baba akiingiza mrija wake, mirija mingine inatoka mmoja mmoja. Huyu anakohoa, huyu anakumbuka mbuzi, yule anakwenda kukojoa harudi. Mpaka chunguni ukabaki mrija wa baba peke yake umesimama kama mti uliobaki shambani. Akaendelea kuushika, hanywi, ameushika tu.

Mama yake baba, nyanya yetu, aliishi boma la pili pamoja na shangazi yangu Athieno, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Athieno ndiye aliyeamka mapema siku moja kuja kuomba moto, akaona nilichoona mimi. Jua halijapanda vizuri nyanya akawa yuko kwetu, ameshika kiuno.

Waliita wazee wa ukoo. Walikaa uani mchana, viti vya wanaume, mkeka wa wanawake, na katikati nyanya akaweka chungu cha baba, wazi, bila jani.

"Tazameni," nyanya alisema. "Hii ndiyo maziwa mwanangu anapewa. Mimi nilimlea mtoto na shavu. Leo ananikalia hapa kama ubavu wa mbuzi."

Mzee mmoja akainama, akatazama ndani ya chungu, akarudi nyuma kama ameona nyoka. "Hii iko maji."

"Nimemwona," Athieno akasema. "Anatoa yote. Na mwanaume mzima anakunywa maji ya watoto!"

"Msamia," mzee akamgeukia mama, "mafuta ya mumeo unapeleka wapi?"

"Busia."

"Kwa nani?"

Mama aliinamisha macho. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Nilikuwa nyuma ya nguzo ya ghala, na moyo wangu ukaruka kwa furaha ya kuwa na akili: hata mimi nilijua, tena bila kuuliza.

"Unamkausha," nyanya akasema. "Watu wanamtaja mwanangu na ugonjwa mbaya, kumbe ugonjwa umekaa jikoni, unashika kata."

Mama akainua macho, lakini hakumtazama nyanya. Alimtazama baba. "Baba Ochwo," alisema, polepole kabisa, "wewe huna neno?"

Nzi alikuwa anatembea ukingoni mwa chungu. Nakumbuka nzi yule kuliko sura za wazee wote. Alizunguka ukingo wote, akasimama, akasugua mikono yake. Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Pale uani walikuwepo wanaume walewale wa mirija.

"Mama yangu ameshasema," baba akajibu.

Basi. Mama alisimama, akaingia jikoni. Nilidhani anakwenda kulia. Nilipochungulia alikuwa anaosha kata. Aliiosha kwa majivu, akaisuuza, akaitundika mahali pake ukutani, akafunga vitu vyake kwenye leso ileile ya samli. Alipopita kwangu aliniwekea mkono kichwani. "Ukiona baba yako anasimamasimama njiani," alisema, "mwambie aketi. Usiache. Mwambie aketi." Nikaona ni maneno ya kijinga ya kuagana. Akatoka njia ya barabarani, na hakuna aliyemsindikiza.

Kesho yake utando ulirudi. Nyanya mwenyewe alileta chungu, akafunua jani kwa madaha, na juu pakawa pamekunjamana manjano kama zamani. Baba alitumbukiza kidole. "Ochwo, njoo umalizie." Nililamba. Kilikuwa kitamu vilevile, ila kidole kilitetemeka kidogo ulimini mwangu.

Nyanya hakuishia kwenye utando. Alimwaga samli juu ya kila alichokula baba, juu ya mboga, juu ya muhogo, juu ya nyama. Chumvi aliongeza kwa kiganja. Na kweli baba alirudi. Shingo ilijaa, kamba ya ndama ikafunguliwa, kitambi kikaanza tena kutangulia kuketi. Uvumi ulikufa, kwa sababu silimu hairudishi mtu. Chunguni mirija ikarudi mmoja mmoja, na mzee yuleyule wa "hii iko maji" akampiga baba begani: "Sasa huyu ndiye mtu!" Nyanya alipiga vigelegele kwa ajili ya suruali. Naapa, kwa ajili ya suruali.

Mimi niliona mambo mengine, kwa sababu ndiye niliyetembea naye kupeleka ng'ombe kisimani. Alifunga kitambaa kichwani siku nzima, akikaza. Alisimama njiani akishika mti, akijifanya anatazama shamba la mtu. Siku moja nikakumbuka. "Baba, keti."

Akaniangalia. "Nani amekuambia useme hivyo?"

"Mama."

Akaketi palepale kwenye majani, akafunika uso kwa mikono miwili. Ng'ombe walikunywa wakamaliza, wakarudi wenyewe.

Asubuhi alipoanguka, alikuwa na chungu mapajani. Alifunua jani, akatumbukiza kidole, akaita, "Ochwo, njoo uma..." Neno halikuisha. Kidole kilibaki ndani ya utando. Mdomo wake ukaenda upande mmoja, polepole, kama mlango uliokosa bawaba, na yeye mzima akafuata. Maziwa yalimwagika yakanijia miguuni. Yalikuwa ya baridi. Utando ulikaa juu ya unyayo wangu, na mimi nikaogopa kuutikisa.

Hakufa. Kiharusi kilichukua mkono, mguu, na maneno, kikamwachia nusu. Habari ilifika Busia, sijui kwa mdomo wa nani. Mama alirudi amekaa nyuma ya baiskeli ya boda, amekaa upande, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakusalimia mtu. Alikwenda kwanza jikoni, akatungua kata.

Nilikuwa mlangoni alipoketi kando ya baba na chungu. Alianza kuengua. Nyanya akaingia nyuma yetu, fimbo mkononi, na mimi nikakaza meno.

"Unamwengulia tena?"

"Ndiyo, mama."

Hapo baba akatoa mkono wake mmoja uliobaki. Ulitembea juu ya blanketi kwa shida, ukashika mkono wa mama pamoja na kata yake, ukauvuta ukauweka kifuani kwake. Macho yake yalikuwa kwa nyanya. Alijaribu kusema, mate tu yakatoka, na chozi kwenye jicho moja. Maziwa ya kwenye kata yalimtiririka kifuani. Alishikilia mpaka nyanya akaelewa.

Nyanya aliweka fimbo chini. Akapiga magoti, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa, akashika chungu kwa mikono miwili ili kisitikisike, mama aengue vizuri. Hakuomba radhi, si siku ile wala nyingine. Lakini tangu hapo kila asubuhi alikuja akashika chungu.

Baba aliishi hivyo mpaka mimi nikaacha shule kubeba maziwa kwa baiskeli, Kiyeyi hadi mjini, mjini hadi mpakani. Huko ndiko utajiri wangu ulikotoka, si kwa mtu. Tulipokwisha kumzika, siku moja tunaosha vibuyu, nikamwuliza mama kile ambacho nilikuwa nimekijibu mwenyewe tangu utotoni. "Yale mafuta ya baba, ulikuwa unampelekea nani Busia?"

Alicheka, kicheko kisicho na meno. "Duka la dawa," alisema. "Hapa vidonge vya presha vilikuwa vinakosekana. Kule vilikuwepo. Nilipeleka samli, nikarudi na vidonge, nimevifunga kwenye pindo la leso. Ulidhani leso ilikuwa tupu?"

"Mbona hukusema pale uani?"

"Niseme mume wangu ni mgonjwa? Miaka ile? Wangesikia ugonjwa mmoja tu." Aliendelea kusugua kibuyu. "Alinikataza. Lilikuwa neno lake la kusema. Nilimwuliza mbele ya watu wote kama analo."

Hizi habari zote nilimweleza yule daktari binti, niliporudi kwake kupimwa. Nilitaka anipe jibu fupi: ni utando uliomuua baba yangu? Akakataa kunipa. Alisema mtu haangushwi na kikombe cha maziwa. Baba alikuwa na presha, akarudishiwa chumvi, mafuta na uzito vyote kwa pamoja, na juu ya hayo aliacha vidonge, na pengine hicho cha mwisho ndicho kikubwa. Hata wasomi, alisema, bado wanabishana juu ya mafuta ya maziwa. "Maziwa si adui, mzee. Yakienguliwa, kinachokujenga mifupa kinabaki humo. Lakini kwa mwili wako wewe, na jagi lako lile, punguza." Nikamwuliza habari ya mjukuu wangu, mtoto wa Sharoni, aliyeanza tu kusimama. Akanikaripia kana kwamba mimi ndiye mtoto: "Huyo usithubutu kumwengulia! Huyo anajenga ubongo. Mpe na mafuta yake yote."

Jumapili iliyopita shangazi Athieno alikuja kututembelea. Amezeeka, anatembea na fimbo, huenda ni ileile ya nyanya. Niliita na majirani, nikachinja, maana mimi mgeni wangu hali mboga tupu. Meza ilijaa. Mke wangu akaniwekea kikombe changu cha peke yangu, na shangazi, ambaye macho yake hayajazeeka, akanyoosha shingo.

"Mama Sharoni," alisema, na sauti ile niliijua, ilitoka kwenye mkeka uani Kiyeyi, "mwanaume mwenye matangi ya maziwa, wewe unampa maji ya watoto?"

Majirani wakageuza vichwa. Mmoja akatazama mkanda wangu, ambao siku hizi umepata tundu jipya. Mke wangu aliweka jagi chini. Alinigeukia, akanitazama, na mimi nikaona nani alikuwa ananitazama.

Nikasimama. Mimi huwa nasimama kutangaza ng'ombe mpya, gari jipya, na watu wananipigia makofi. Safari hii sikuwa na kipya cha kutangaza.

"Shangazi," nikasema, "huyu hana kosa. Mimi ni mgonjwa wa presha. Daktari amenikataza mafuta na mimi ndiye niliyemwambia aengue. Nimekonda kwa sababu nimetaka. Mwenye neno aniambie mimi, mimi ndiye mwenye nyumba."

Sikumwambia aengue, alijiamulia mwenyewe. Lakini mbele ya watu ilikuwa lazima iwe mimi.

Shangazi alitazama meza, si mimi. "Kaka yangu," alianza, akaacha. Kisha akasukuma kikombe chake kwa mke wangu. "Nipe na mimi hiyo hiyo, mwanangu. Nionje ilikuwaje."

Jikoni utando wa siku ile ulikuwa umewekwa katika bakuli. Niliuleta mezani mwenyewe, nikatumbukiza kidole cha shahada, nikakikunja, nikainua. Mafuta yaling'ang'ania. Mke wangu akaacha kumimina, shangazi akaacha kunywa, wote wananitazama nitakipeleka wapi.

Nikamwita mjukuu. Alikuja anayumba, akashika goti langu, akafungua mdomo. Alilamba mpaka kwenye kucha.

Kidole kilipokuwa kitupu nikakaa, nikavuta kikombe changu, nikanywa chote.